Upandikizaji wa nywele: timu ya kudumu au wasaidizi wa kukodi?

Daktari anatia ganzi, anachora mstari wa nywele na kutoboa matundu. Baada ya hapo kazi ni ya mikono mingine: vipandikizi 2,000, yaani vipande vidogo vya ngozi vilivyotolewa nyuma ya kichwa, kila kimoja kikiwa na nywele moja hadi nne, vinapangwa, vinahesabiwa na kuingizwa kimoja kimoja. Mikono hiyo iajiriwe, au ikodiwe kwa siku?

Wanaotetea kukodi wana hoja nzito. Kliniki yenye upasuaji mara mbili kwa mwezi hulipa mishahara ya siku tupu, na mkono usiofanya kazi hupoteza wepesi. Msaidizi anayezunguka kliniki kadhaa kila wiki huenda akawa stadi kuliko wako wa kudumu.

Tatizo huanzia kwenye sahani, ambamo vipandikizi husubiri kupandwa. Mzizi wa nywele ukikauka chini ya taa kwa dakika chache tu, huweza kufa kabla haujapandwa. Lazima ukae ndani ya kimiminika, mara nyingi maji ya chumvi yaliyopozwa, karibu nyuzi 4 za Selsiasi. Anayelipwa kwa siku hukimbizana na saa: anaubana mzizi kwa koleo badala ya kushika mafuta yaliyouzunguka, anausukuma ndani mno ukaja kuota kivimbe, au anapachika juu ya kilichopandwa tayari. Na hayo hayaonekani leo. Nywele hudondoka kwanza, na matokeo hutulia baada ya miezi kama 12, wakati huo mkodiwa hayupo, wala hajui alichoharibu. Wa kudumu humwona mgonjwa akirudi, na hapo ndipo anapojifunza. Kwangu hii ndiyo hoja inayopita zote.

Ila timu ya kudumu nayo huzoeana. Daktari aliyechoka huanza kuwaachia kutoboa ngozi, kazi ambayo nchi nyingi zimemwekea mwenye leseni.

Ningeajiri wawili: mmoja wa sahani, hesabu na saa, mwingine wa kupanda. Siku ya vipandikizi zaidi ya 1,500, kodi wawili wengine, kila mmoja apewe eneo lake la kichwa. Karatasi ionyeshe nani alipanda wapi, saa kipandikizi cha kwanza kilipotoka na cha mwisho kilipoingia, na idadi ya vyenye nywele moja, mbili, tatu na nne. Hesabu hiyo asishike mkodiwa.