Pikapu ya taito ya salveji: hesabu za Dar hazifanyi kazi Houston

Sisi Wabongo wa huku Houston tuna ugonjwa mmoja wa pikapu. Mtu anaona F-150 au Silverado inauzwa mtandaoni, inang'aa, bei nusu ya zile za kwenye yadi, chini kabisa kwa maandishi madogo pameandikwa taito yake, yaani hati ya umiliki kama kadi ya Bongo, ni ya salveji (gari iliyoharibika mpaka bima wakaona hailipi kuitengeneza) au ribilti (salveji iliyotengenezwa ikarudishwa barabarani), basi anatuma picha, kaka hii vipi, niichukue? Safari hii aliyeuliza ni mdogo wangu kabisa, mtoto wa mama mdogo, anataka kuanza kazi ya kuhamisha watu mizigo na amejibana miezi mingi kuipata hiyo hela. Nikaona nisimjibu peke yake, niandike hapa maana najua wengi mpo njia hiyo hiyo.

Kwanza tuseme ukweli kwa nini sisi hatuogopi kama Wamarekani wenyewe wanavyoogopa. Bongo gari ikipinduka pale Chalinze inavutwa, inafikishwa gereji, fundi bodi ananyoosha, rangi inapigwa, baada ya muda ipo barabarani inapiga kazi kama kawaida na kadi yake ni ile ile, haijaandikwa popote kwamba iliwahi kulala mtaroni. Mnunuzi analijua hilo, kwa hiyo kadi anaiangalia kwa ajili ya jina na namba ya chasisi tu, hali ya gari anaenda kuiangalia na fundi wake anayemwamini, na kama gari ni ya mtaani anauliza majirani. Sasa mtu aliyekulia huko akifika huku akakuta karatasi yenyewe ya serikali imesema wazi hii gari iliharibika, anajiona ameshaambiwa ukweli wote, kilichobaki ni kupatana bei. Hapo ndo tunapoteleza, kwa sababu ile karatasi inakwambia bima waliamua nini, haikwambii gari ilipatwa na nini.

Na uamuzi wenyewe unategemea jimbo. Texas gari inahesabiwa salveji pale gharama ya kuitengeneza inapozidi thamani yake yote, yaani asilimia 100, wakati Oklahoma hapo jirani ikipita 60 tu imeshakuwa salveji. Chukua pikapu ya dola 20,000 ambayo matengenezo yake ni dola 13,000, upande mmoja wa mpaka inapata alama kwenye taito na upande wa pili inabaki safi, ni gari moja na pigo moja! Kwa hiyo mimi siwezi kusema salveji zote ni mbovu, ningekuwa nawaonea wauzaji wengine ni watu waaminifu. Kuna majimbo gari inaandikwa salveji kwa sababu ya mvua ya mawe tu, bodi imejaa vishimo na vioo vimevunjika ila injini, gia na chasisi havijaguswa. Na huku kinachoiua gari mapema ni bei ya mafundi, saa moja ya kazi inaweza kupita dola 100, bado bampa la siku hizi lina sensa ndani na F-150 toka ya 2015 bodi ni aluminiamu, si kila mtu anajua kuinyoosha. Gari ambayo mafundi wa Gerezani kule Dar wangeitoa bila kelele, huku bima wanaona bora wamlipe mwenyewe, wao waipeleke mnadani.

Sasa hizo za mnadani ndo zinarudi kwetu. Na kwa Houston naomba mnisikie vizuri kwenye jambo la maji. Mwaka 2017 kimbunga Harvey kilizamisha magari mengi sana mji huu, na kila kimbunga kikipiga Louisiana au Florida kuna mzigo mwingine unaingia sokoni. Niliwahi kumsindikiza kaka mmoja wa Goma tunayesali naye kwenda kuangalia Silverado, ndani imeoshwa, kapeti jipya, inanukia pafyumu mpaka machozi. Nikauvuta mkanda wa dereva mpaka mwisho kabisa, ule urefu ambao hakuna mtu anaufikia akifunga mkanda, huko chini nikakuta mstari wa tope jepesi limekauka. Tukamulika tochi chini ya kiti, bolti zinazoshika kiti sakafuni zimepiga kutu wakati gari ina miaka michache tu. Muuzaji akasema ni kahawa ilimwagika. Kahawa gani inapanda mpaka kwenye mkanda? Tuliondoka. Gari iliyokunywa maji inaweza kukuendesha vizuri miezi kadhaa ndo kutu ianze kula soketi za waya moja baada ya nyingine, leo taa, kesho gia haingii, na huku hakuna fundi wa kukuambia ni kitu gani bila kukulipisha masaa. Ya maji msinunue, hata wakiwapa kwa bei ya kutupa.

Kingine ni eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari ikigonga. Hili linanigusa kwa sababu pikapu zetu ni dabo kebini, nyuma wanakaa watoto. Gari ikigonga eabegi zikafumuka, kuweka nyingine halali ni hela ndefu, kwa hiyo mafundi wa kulipua kazi wanajaza chochote na kufunika. Mwaka 2024 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa onyo kuhusu eabegi za bei rahisi zilizowekwa kwenye magari yaliyowahi kugonga, watu walikufa kwenye ajali ambazo walitakiwa kupona. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini taa ya eabegi lazima iwake kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa ujue kuna mtu ameichezea. Ila hata ikiwaka na kuzima bado siyo uhakika, wapo wanaoweka kidude cha kuidanganya kompyuta, ndo maana mimi nasema kama eabegi zilifumuka na hakuna risiti za zilizowekwa, achana nayo.

Tukija kwenye hela. Benki nyingi hazikopeshi kwa gari ya hivyo kwa hiyo unatoa keshi yako yote, na kampuni nyingi za bima hazitaki kukupa bima kubwa, wanakupa ile ya kulipa uliyemgonga tu. Maana yake ikiibiwa au ukigonga nguzo, umekula hasara mwenyewe na kazi imesimama. Piga simu bima yako na namba ya chasisi KABLA hujatoa hata senti.

Na hapa ndo tofauti kubwa na nyumbani ambayo naona hatuipigii hesabu kabisa. Dar gari ikigoma asubuhi unamwita fundi anakuja na spana zake na kijana wa kumshikia tochi, ukishindwa unapanda daladala au bodaboda, kazini unafika umechelewa tu kidogo. Gari bovu nyumbani linakusumbua, ndiyo, ila kuna watu wengi wanaokubeba wakati limelala. Houston ukiwa unakaa Katy, magharibi ya mji, na kazi ipo Pasadena, mashariki, gari ikilala na wewe umelala, mabasi ya maana hakuna, Uber kwenda na kurudi inakula mshahara wa siku. Unafuu wote wa ile nusu bei unaishia kwenye kuvuta gari na siku ambazo hukwenda kazini. Bei ya salveji inamfaa mtu mwenye gari nyingine nyumbani na mkono wa ufundi, siyo mtu ambaye pikapu hiyo ndo mguu wake na ndo ofisi yake.

Kuna hili la jina pia. Bongo kununua gari yenye kadi ya mtu wa tatu nyuma ni kawaida, mtasaini mkataba mtahamisha baadaye. Huku anayekuuzia kama jina lake halipo kwenye taito, ondoka, usibishane naye. Na taito safi peke yake isikulaze, wapo wanaohamisha gari jimbo hadi jimbo mpaka ile alama inafutika. Ingiza namba ya chasisi kwenye VINCheck, ukurasa wa mtandaoni wa NICB (taasisi ya kampuni za bima ya kupambana na wizi na utapeli), ni bure, halafu lipa kidogo upate ripoti ya NMVTIS, huo ni mfumo wa serikali kuu ambao bima na yadi za skrepa wanalazimika kisheria kuripoti humo.

Na wale wanaosema nitaitumia miaka miwili halafu niisafirishe nyumbani, usukani wake upo kushoto. Kenya hawakusajilii, na kwetu atakayeinunua utamtafuta sana, spea zake zenyewe za kuagiza.

Kwa hiyo mdogo wangu, ile F-150 uliyonitumia siyo kwamba nimeikataa. Mwambie jamaa akutumie picha za mnadani, za kabla haijatengenezwa. Kama ni mvua ya mawe au ubavu wa sehemu ya mizigo uliokunwa, Jumamosi nakuja tuipeleke kwa fundi aipandishe apime chasisi, hiyo hela ya ukaguzi nalipa mimi. Akisema picha hana wakati namba ya chasisi anayo na kwa hiyo namba anaweza kuzitafuta, muage vizuri, kodisha tela na gari la U-Haul, ile kampuni ya kukodisha magari ya kuhamia, kwa kazi za mwanzo huku unamalizia hela ya pikapu yenye taito safi, hata kama ni ya 2012 na rangi imepauka.