Inveta Iliyopiga Hodi

Baba mdogo haamini mafundi. Anaamini koleo, utepe mweusi na bismillah. Kwa hiyo sola iliponunuliwa kwa ajili ya nyumba ya bibi kule Muheza, hakuna aliyethubutu kutaja habari ya kumwita mtu. Aliifunga mwenyewe. Nyaya za paneli zikatokea darini fupi kuliko alivyokisia, hazifiki kwenye matundu yaliyo upande wa chini wa inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa sola na betri uwe wa kutumika nyumbani. Mtu mwingine angekwenda dukani kununua waya. Yeye akaigeuza inveta, miguu juu kichwa chini. Nyaya zikafika, taa zikawaka, bibi akapiga vigelegele.

Kibandiko cha jina la kampuni kingetusanua mapema, lakini alishakibandua, eti wezi wakiona jina wanajua bei.

Inveta yenyewe ilikuwa ya bei poa: taa moja ya kijani, buza yenye makelele, na kidirisha cha tarakimu mbili nyekundu zinazowaka pale tu mambo yanapoharibika. Maana ya kila namba imo kwenye kijitabu chake: 01 feni imegoma, 02 joto limezidi, 04 betri imeshuka, 07 mzigo umezidi. Ni ukurasa mmoja tu, na kwangu ndio wenye faida kuliko mengine yote yaliyomo humo. Kijitabu kilikuwa kwa bibi. Alikuwa anakichana kufungia iliki.

Dalili ya kwanza ilikuja Januari, saa nane mchana, jua la kukaangia mayai. Inveta ikalia, ikazima kila kitu, ikaandika 20. Baba mdogo akaitazama kwa mahaba. "Mnaona? Inapima na hali ya hewa. Nyuzi joto 20." Tulikuwa tunachuruzika jasho hadi kwenye visigino. Bibi akauliza kama hizo nyuzi 20 ni za hapa au za Lushoto.

Tukafika usiku wa kuamkia harusi ya dada. Nyumba imejaa wageni, spika inanguruma, friji imeshiba nyama. Kama saa mbili hivi, piiiii! Giza. Kidirisha kinasoma LO.

Baba mdogo akampigia fundi mmoja wa Tanga mjini, si kwa sababu anamwamini, ila wageni walikuwa wanatazama.

"Inasoma ngapi, mzee?"

"Haisomi ngapi. Inasoma LO."

"Ah, hiyo betri iko chini. Ongeza betri."

Betri ya ziada usiku ule ilikuwa moja tu: ya Noah iliyoletwa kumbeba bi harusi asubuhi. Dereva alikataa, akaletewa sahani ya pilau, akafikiria upya. Baba mdogo akaing'oa, akaiunga sambamba na ya sola, akawasha. Mwanga! Akashangiliwa kuliko bwana harusi.

Baada ya nusu saa, piiiii! LO.

Hakuna aliyekuwa anafuatilia kinachoendelea jikoni. Huko Shangazi alikuwa na jagi lake la umeme alilokuja nalo kutoka Dar, limeandikwa wati 2,000 kwenye kitako, na inveta yetu nzima uwezo wake ni wati 1,000. Analichomeka kimyakimya, umeme unakata, analichomoa na kuhamishia maji kwenye jiko la mkaa huku akisema sola ni utapeli mtupu. Ukumbini Baba mdogo anakaza nati za betri, anazima, anawasha, inakubali. Anafuta jasho, anatamba. Wageni wakimaliza chai, Shangazi anajaza jagi upya.

Mchezo huo ulikwenda mpaka usiku wa manane. Spika na friji zinanyonya, paneli zimelala, betri ya gari haikuumbwa kwa kazi ya kukesha. Ikalia tena, safari hii kwa unyonge. Baba mdogo akapiga simu.

"Fundi, sasa inasoma HO."

"Inasoma nini?"

"HO. Kama ya hodi."

Fundi akanyamaza. Akasema hiyo haijawahi kutokea, tusiiguse mpaka aje. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza kama nyumba ilizinduliwa kwa kisomo, na shekhe aliyekuwa amekuja kula tu akaanza kutafutwa kwa tochi za simu.

Mpwa wangu wa darasa la pili alikuwa kwenye kochi, miguu ukutani, kichwa kinaning'inia karibu na sakafu, mkao ambao huwa anachapiwa. Akasema, "Mbona hiyo ni sifuri nne?"

Tukaangaliana. Baba mdogo akainamisha shingo taratibu, kama kuku anayemwangalia mwewe. Nami nikainama. Sifuri nne kweli kweli. Bibi akafungua kifuko cha iliki, akakunjua karatasi: 04, betri imeshuka. Mstari wa chini yake, 07, mzigo umezidi. Pindua 07 uone inakupa nini. Ukumbi mzima ukageukia jikoni, ambako Shangazi alikuwa amesimama na jagi kifuani.

"Msinitazame mimi," akasema. "Mimi nilichomeka jagi. Sikumpindua mtu."

Asubuhi Noah haikuwaka. Ilisukumwa na wanaume waliovaa kanzu za kukodi, bi harusi ndani, dereva akilalamika kwamba pilau lenyewe halikuwa na nyama.

Inveta bado haijageuzwa. Baba mdogo anasema nyaya ni fupi. Amebandika karatasi pembeni yake, kwa mwandiko mkubwa: "20 – JOTO. HO – BETRI. LO – MZIGO (SHANGAZI)." Shangazi ameisoma, na mpaka leo anataka aelezwe mzigo ni jagi au ni yeye.