Seva ikipungua kasi baada ya kubadili toleo: je, ile kasi ya jana ilikuwa halali?

Jumamosi usiku seva inahamishiwa toleo jipya la mfumo endeshi. Mashine ni ileile, diski zilezile, programu ileile. Jumatatu asubuhi watumiaji wanaingia, na ombi lililokuwa likijibiwa kwa milisekunde 40 sasa linakula 90. Hapo hapo mchawi anaanza kutafutwa. Kuna wanaosema rudisheni toleo la zamani, tuliwaonya. Kuna wanaojibu kwamba hiyo ndiyo gharama ya usalama, ongezeni mashine mnyamaze.

Wanaotaka kurudi nyuma si wazembe, na ushahidi wanao. OpenSSL, maktaba ya programu ya kusimba mawasiliano, ilipotoa toleo la 3.0 Septemba 2021 ilikuja na muundo mpya wa ndani, na kwenye seva zenye nyuzi nyingi (kazi zinazoenda sambamba) ikaonekana wazi kuwa nzito kuliko 1.1.1 iliyoitangulia. Aliyehamia Ubuntu 22.04 au RHEL 9, mifumo endeshi ya Linux, aliipokea bila kuulizwa, imo ndani ya mfumo. Mwaka 2018, wakati kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux 4.20 ikiandaliwa, kinga iitwayo STIBP, ya kuzuia programu moja kuipeleleza nyingine ndani ya prosesa, iliwashwa kwa kila programu, na Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, akalalamika kwamba baadhi ya kazi zilipoteza hadi nusu ya kasi. Kinga hiyo ikapunguzwa, ikabaki kwa programu zinazoihitaji. Mwenye mradi anapokiri kwamba dawa imezidi kipimo, huwezi kumwambia msimamizi wa seva kwamba anadeka.

Upande wa pili nao una hoja, tena nzito zaidi kuliko unavyoieleza wenyewe. Kinga dhidi ya Meltdown (dosari ya usalama ya prosesa), iliyoenea Januari 2018, ilitenganisha kumbukumbu ya kerneli na ya programu, hivyo kila safari ya kuingia kwenye kerneli ikawa na ushuru. Hifadhidata, ambazo huingia na kutoka humo bila kupumzika, ziliumia kuliko programu za mahesabu. Lakini kabla ya hapo, programu isiyo na ruhusa ingeweza kusoma siri za kerneli. Kasi ile ilitokana na mlango ulioachwa wazi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa zamani kidogo. Chukua diski ya kuzunguka, ya mizunguko 7200 kwa dakika. Gawanya kwa 60: inazunguka mara 120 kwa sekunde. Programu moja inayoandika muamala, ikasubiri uthibitisho, kisha ikaandika mwingine mahali pale pale kwenye logi (daftari la matukio), haiwezi kuvuka takribani miamala 120 kwa sekunde iwapo kila mmoja unafika kwenye sahani ya diski kweli. Sasa, mfumo wa faili wa ext3 kwa mpangilio wake wa awali haukuilazimisha diski kumwaga kache yake (kumbukumbu ya muda) kwenye sahani. Diski ilijibu "tayari" data ikiwa bado inaelea kwenye kache, na watu wakajisifu kwa miamala elfu moja na zaidi. ext4, mrithi wake, ikaja na ulazima huo ukiwa umewashwa tangu mwanzo. Aliyetoka RHEL 5 kwenda RHEL 6, iliyotoka 2010 na ext4 kama chaguo lake la kwanza, aliweza kuona hifadhidata yake ikiporomoka vibaya. Akailaumu ext4, wakati ext4 ilikuwa inasema ukweli. Umeme ungekatika siku moja kabla, angejua alikuwa akiishi kwa mkopo.

Ila kasi iliyopotea si mkopo kila mara. Upo mdororo usiotokana na usalama wala ukweli wa diski, na hapa ndipo pande zote mbili huchoka kufikiri. Programu za seva huuliza saa mara nyingi mno: kila mstari wa logi, kila upimaji wa muda wa swali kwa hifadhidata. Kwa kawaida jibu husomwa moja kwa moja kwenye kaunta ya prosesa iitwayo TSC, bila kubisha hodi kwenye kerneli. Kerneli mpya ikiitilia shaka kaunta hiyo, inahamia saa nyingine, kwa mfano HPET, na tangu hapo kila swali la "saa ngapi?" linakuwa safari kamili. Dalili zake zinachanganya: diski imetulia, mtandao umetulia, lakini muda wa prosesa unaoliwa na kerneli umepanda. Fungua faili la /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource. Lina neno moja tu. Likiwa hpet wakati kabla ya kuhama lilikuwa tsc, umepata pa kuanzia. Wala usikimbilie kuilazimisha tsc irudi, maana kaunta za prosesa mbili zikipishana kweli, saa inaweza kuonekana ikirudi nyuma, na hilo ni baya kuliko uzito.

Kwa hiyo nasimama wapi? Kurudi nyuma nakubali kama huduma ya kwanza, kwa siku chache. Zaidi ya hapo ni kujificha: OpenSSL 1.1.1 iliacha kupewa viraka (marekebisho) vya bure Septemba 2023, CentOS 7, mfumo mwingine wa Linux, ikafungwa rasmi Juni 30, 2024. Lakini kosa kubwa naliona kwa wanaohamisha kuliko kwa wanaolalamika. Usiku huohuo mmoja wanabadili kerneli, maktaba na hifadhidata, kisha wanashangaa hakuna anayejua kilichobadilika. (Na bado kuna ile saa ya kwanza baada ya kuwasha mashine, kache ikiwa tupu, ambayo wengi huihesabu kama mdororo.)

PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, ni shahidi mzuri wa kosa hilo. Hadi kabla ya toleo la 18 la mwaka 2025, zana yake ya pg_upgrade ilihamisha data lakini ikaacha takwimu ambazo mpangaji wa maswali huzitegemea kuchagua njia ya kutafuta data. Asiyeendesha amri ya ANALYZE, inayozikusanya upya, mara baada ya kuhama anaamka na maswali yanayopitia jedwali zima mstari kwa mstari. Huyo akirudisha kerneli ya zamani, ataikuta seva bado inajikokota vilevile.