Diski ya Tano Imepanda Baiskeli

Shemeji alitangaza kwamba bando zinamfilisi, akaenda Kariakoo, akarudi na boksi la mchezo wa GTA V wa kompyuta, lile lililotoka mwaka 2015: DVD 7 na kikaratasi chenye namba ya kuuwasha mchezo. "Gigabaiti 60 zote zimo humu, shemeji. Hakuna cha kupakua!"

Laptopu yake haina pa kuingizia diski. Nilikuja na draivu ya nje yenye waya wa vichwa viwili: kimoja cha data, cha pili cha kuongeza umeme, maana tundu moja la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu, na mota inapoanza kuzungusha diski hutaka zaidi. Shemeji akakiona kichwa cha pili ni anasa, akakichomoa achaji simu. Draivu ikalia tak-tak-tak, ikapotea kwenye skrini, ikarudi, ikapotea tena. "Mbovu hiyo," akasema, huku simu yake ikijaa chaji vizuri tu.

Kichwa kikarudi mahali pake, tukagota kwenye nafasi. Mchezo ulidai gigabaiti 65 na yeye alikuwa na 41. Dada akaja kusimama mlangoni kulinda video za harusi, kwa hiyo zilizofutwa ni mechi za Simba za misimu minne. Shemeji alibonyeza mwenyewe, akiangalia pembeni.

DVD ya tabaka mbili hubeba gigabaiti 8.5. Draivu ya 8x husoma megabaiti 11 kwa sekunde ikiwa kwenye mwendo wake wa juu kabisa, mwendo ambao haudumu diski nzima, kwa hiyo hesabu robo saa na ushee kwa kila moja. Shemeji alikuwa ameshawaalika wenzake waje kucheza baada ya chakula cha mchana.

Kompyuta ikaomba diski ya 5. Kwenye boksi, nafasi ya 5 tupu. Shemeji akapeleka kidole kwenye kitufe cha kughairi "tuanze na ya 6", nikamdaka mkono. Dirisha la kuomba diski huachwa wazi hata likikaa saa nzima. Ukighairi, programu nyingi za kusakinisha hufuta yote yaliyokwisha kunakiliwa.

Diski ilikuwa uani, imefungwa kwa waya kwenye spoku za gurudumu la nyuma la baiskeli ya mpwa wangu.

"Inang'aa usiku, Mjomba."

Upande wa picha ulikuwa umechubuka vibaya. Ingekuwa CD tungeshaaga, kwani data ya CD imekaa chini tu ya rangi ile. Ya DVD iko katikati, kati ya plastiki mbili za milimita 0.6. Upande wa kusomea ulikuwa na mikwaruzo myembamba, na shemeji akaleta dawa ya meno, akaanza kuzungusha kama anayesugua sufuria. La! Unapangusa kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa kitambaa laini. Data imepangwa kwa duara: mkwaruzo unaokatiza njia hupoteza vipande vifupi ambavyo draivu huvirekebisha yenyewe, lakini unaofuata njia hula kipande kirefu kisichorekebishika.

Tukaiosha, tukaikausha, tukairudisha. Draivu ikapunguza mwendo, ikaguna, ikaganda kwenye asilimia moja muda mrefu kiasi kwamba wageni wakaaga, kisha ikapita. Sebule nzima ikanuka minti.

Baada ya diski ya 7 mchezo ukataka ile namba, na namba haikubaliki bila intaneti. Shemeji akawasha hotspoti "dakika moja tu". Namba ikakubali. Papo hapo likaanza kushuka sasisho la gigabaiti kadhaa, na ujumbe wa kuisha bando ukaingia kabla mstari haujafika robo.

"Diski bado zina kazi?" akauliza mpwa wangu.

Nikamwambia ukweli: toleo hili likishasajiliwa halidai diski ili kuchezwa.

Akatoka mbio, akarudi na waya mrefu. "Basi naomba na zile sita, Mjomba. La mbele bado halina."