Konyeza Aliyegoma Kukonyeza

Nilijiandikisha kwenye kozi ya baiolojia sintetiki, yaani ya kuwabadilisha viumbe kwa kuwapa jeni mpya, kwa sababu moja tu: nilitaka kuwasha bakteria. Si kuwachoma. Kuwawasha, wang'ae gizani kama taa.

Kozi ilikuwa ya vitendo. Kila wiki kazi moja, kila kazi na ripoti yake, na bila ripoti huingii maabara wiki inayofuata. Wiki ya kwanza tulipima maji ya rangi kwa pipeti. Yangu mengi yaliishia kwenye soksi. Wiki ya pili tukapitisha DNA kwenye jeli kwa umeme. DNA ina chaji hasi, kwa hiyo hukimbilia upande chanya. Mimi nikageuza nyaya. Ya kwangu ikarudi kinyumenyume, ikatoka kwenye jeli na kupotelea majini, nami nikakaa nusu saa naikodolea macho jeli tupu kama abiria anayesubiri basi lililokwisha kupita.

Wiki ya tatu ndipo mambo yaliponoga. Tulipewa bakteria aitwaye E. coli wa maabara, aina isiyodhuru mtu, tukawachanganya na plasmidi, yaani kipete kidogo cha DNA. Unawalaza kwenye barafu, kisha ghafla unawatia kwenye maji ya nyuzi 42 kwa sekunde 50, halafu barafuni tena. Kwa mshtuko huo plasmidi hupenya ndani yao. Mimi ningefanyiwa hivyo ningemeza hata kiatu.

Plasmidi yetu ilibeba jeni mbili za maana. Moja humwezesha bakteria kuishi penye ampisilini, dawa ambayo kwa kawaida humuua. Ya pili hutengeneza protini ya kijani inayong'aa, ile ambayo asili yake ni konyeza wa Bahari ya Pasifiki, yule mnyama laini kama mwavuli; wengine humwita yavuyavu. Osamu Shimomura ndiye aliyeichuja kutoka kwa mnyama huyo, na mwaka 2008 yeye, Martin Chalfie na Roger Tsien wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa ajili yake. Ila jeni hiyo ina swichi, na kinachoibonyeza ni sukari iitwayo arabinosi. Bila arabinosi bakteria anakula, anazaana, anastawi, lakini hawaki ng'o.

Wiki ya nne: kuchora. Kila mtu alipewa sahani mbili za agari, yaani utepetepe wa kukuzia bakteria, zote zina ampisilini, ila moja tu ina arabinosi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Nikachukua kalamu, nikaandika PICHA kwenye mfuniko wa ile yenye sukari na MAZOEZI kwenye mfuniko wa nyingine. Mwalimu alikuwa ametuambia mara tatu tuandike kwenye kitako cha sahani, kamwe si kwenye mfuniko. Nilimwona mtu wa kujihangaisha bure. Kisha nikafunua zote mbili ili unyevu ukauke, nikaenda kunawa mikono, nikarudi, nikafunika.

Nadhani umeshaona.

Kuchora kwa bakteria ni kazi ya kipofu. Wino wenyewe ni kama maji yaliyooshewa mchele, na ukishapaka huoni ulipopita. Ukikandamiza kijiti kidogo tu, agari inachanika. Kwa hiyo nikaanza na sahani ya MAZOEZI ili kuulegeza mkono. Nichore nini? Mwalimu alikuwa ameinama mbele yangu, kipara kinameta, nywele chache zimevutwa kutoka sikio moja hadi la pili kama daraja la kamba. Basi nikamchora: kichwa duara, miwani, masikio kama vishikio vya sufuria, na nywele tatu. Hazitawaka hizi, nikajiambia, utabaki utando mweupe tu, nani atauchungulia? Baada ya hapo nikahamia kwenye PICHA, nikamchora konyeza kwa moyo wangu wote, mikia kumi na miwili. Zote zikalala kifudifudi kwenye kabati la nyuzi 37 hadi kesho yake.

Siku ya kuonyesha nilialika marafiki wanne kutoka kozi nyingine. Ndiyo, nilialika watu.

Tukavaa miwani ya kinga, taa zikazimwa, Mwalimu akawasha tochi ya urujuanimno juu ya sahani yangu. Giza. Nilitarajia konyeza wangu anikonyeze. Hata kope hakupepesa. Kilichong'aa ni kola ya shati langu, kwa sababu ya sabuni ya kufulia, na meno ya marafiki zangu, kwa sababu walikuwa wanacheka.

"Hebu tuone na ile nyingine," Mwalimu akasema.

"Ile si kitu, Mwalimu. Nilikuwa najaribu mkono tu."

"Kujaribu ndiyo kazi yetu hapa. Ilete."

Akaifunua. Naapa sijawahi kuona kijani kizuri namna ile. Kichwa kiliwaka. Miwani iliwaka. Nywele tatu zilisimama gizani, moja moja, unaweza kuzihesabu ukiwa mlangoni. Maabara ikanyamaza hata mlio wa friji ukasikika.

"Huyu ni nani?"

"Ni... babu yangu, Mwalimu."

"Babu yako amevaa miwani yangu."

Mwenzangu wa benchi alitoka nje akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mwalimu akawasha taa, akageuza sahani zote mbili, akatazama vitako visivyo na hata nukta ya wino, kisha akanitazama mimi. Hakugomba, na afadhali angegomba. Akachukua pipeti, akamdondoshea konyeza matone ya arabinosi, akamrudisha kwenye joto. Kesho yake konyeza akawaka, mikia yote kumi na miwili, kwenye chumba ambacho ndani yake nilikuwa mimi peke yangu. Nikazitia sahani zote kwenye klorini kama sheria inavyotaka.

Ikabaki ripoti. Niliandika kitaalamu kabisa: "Picha ya 2: kichwa cha binadamu asiyefahamika, nywele tatu, mwanga mkali." Ilirudi na alama saba kwa kumi na maneno machache kwa kalamu nyekundu:

"Nywele ni nne. Hesabu upya."