Tukimkumbuka Freddie Mercury, tutumie spika mbili

Kila Novemba 24 ikikaribia, mashabiki wa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Uingereza iitwayo Queen, hapa Mombasa huanza kuulizana watakutana wapi na nani ataleta spika. Freddie alifariki tarehe hiyo mwaka 1991, nyumbani kwake London, akiwa na umri wa miaka 45. Mimi naona mwimbaji huombolezwa kwa kusikilizwa. Hotuba ziwe chache, fulana na picha zibaki kuwa mapambo, na sehemu kubwa ya usiku huo zipewe nyimbo zenyewe, zipigwe mwanzo hadi mwisho kwa vyombo vilivyopangwa sawasawa. Spika moja ya bluetooth iliyobanwa katikati ya sahani za viazi karai haimtendei haki.

Pwani tuna sababu ya ziada ya kumkumbuka. Farrokh Bulsara, ndilo jina alilopewa, alizaliwa Mji Mkongwe wa Unguja Septemba 5, 1946, kwa wazazi Waparsi. Akiwa na miaka minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi Unguja 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Basi ni jirani yetu. Lakini ujirani huo tusiutie chumvi. Wapo wanaotafuta taarabu ndani ya nyimbo za Queen, haimo. Na kwa kuwa familia yake ni ya dini ya Zoroasta, na mazishi yake yaliendeshwa kwa taratibu za dini hiyo, haifai mkutano wetu kuupa sura ya hitima. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa Unguja kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilipingwa hadi ikafutwa. Mkutano wa kusikiliza muziki, ndani ya nyumba, baada ya sala ya Isha, kwa sauti isiyomkera jirani, haumnyimi mtu usingizi.

Sasa nieleze kwa nini spika mbili. Katika albamu ya Queen ya 1975, A Night at the Opera, kile kipande cha opera kilichomo ndani ya Bohemian Rhapsody kilijengwa na watu watatu tu: Freddie, mpiga gitaa Brian May na Roger Taylor. Waliimba tena na tena juu ya sauti zao wenyewe mpaka wakawa kwaya nzima, kisha sauti zikagawanywa kushoto na kulia kwa makusudi. Wimbo una dakika 5 na sekunde 55. Ukipita dakika ya tatu, sauti zinaanza kuitana, nyembamba upande huu, nzito upande ule, na ile nyembamba kupita zote ni ya Roger, mpiga ngoma. Kwenye spika moja mabishano hayo yote yanarundikana mahali pamoja. Upande wa pili wa santuri hiyohiyo unafunguliwa na The Prophet's Song, ambao wengi huuruka. Katikati yake vyombo vinanyamaza, Freddie anabaki peke yake, sauti yake inarudishwa kwa mwangwi uliocheleweshwa, naye anaimba juu ya mwangwi wake mwenyewe hadi anakuwa watu kadhaa wanaozungumza. Kama usiku huo mtapiga wimbo mmoja tu usiojulikana sana, upigeni huo.

Wekeni spika mbili zikiwa na nafasi ya mita mbili na nusu hivi kati yake, zielekezwe kwa wasikilizaji, na matundu ya sauti nyembamba yawe usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Msikilizaji wa kati awe mbali na kila spika kadiri spika zilivyo mbali baina yake. Watu wakiwa ishirini, tanueni spika hadi mita tatu na mpange viti safu nyembamba ndefu, kwa kuwa anayekaa pembeni kabisa husikia spika moja tu.

Kosa linaloharibu shughuli nyingi ni waya. Ukiunganisha nyekundu na nyeusi sawasawa kwenye spika moja na kuzigeuza kwenye nyingine, hakuna kitakachoungua wala kukwaruza. Ila besi inapotea na sauti ya mwimbaji inakuwa tupu, haijulikani yatoka wapi, kwa sababu spika moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta. Kipimo chake ni rahisi: pigeni wimbo wowote wenye mwimbaji mmoja. Sauti yake isiposimama katikati, pale pasipo na spika, geuzeni waya za spika moja tu. Angalieni pia kama amplifaya ina swichi ya mono, ile inayochanganya sauti za pande mbili kuwa moja. Nyingi za kukodi huachwa hapo tangu shughuli iliyopita.

Mwenye santuri alete santuri, lakini kwanza aijue mashine yake. Umeme wetu ni volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine ya Marekani imeundiwa volti 120 na mizunguko 60. Mtu hununua transfoma ya kushusha volti akadhani amemaliza, kumbe transfoma haibadilishi mizunguko. Mashine ambayo mota yake inafuata mizunguko ya umeme itakwenda pole kwa sehemu moja ya sita, na sauti ya Freddie itashuka zaidi ya vibonyezo vitatu vya kinanda. Huyo si yeye tena. Bandikeni kipande cha karatasi pembeni mwa sahani, mhesabu mizunguko kwa dakika tatu: kwa mwendo wa mizunguko 33 na theluthi kwa dakika inatakiwa iwe 100 kamili. Ikitoka kama 83, tatizo ndilo hilo. Muziki ukitoka mdogo na mkavu, waya zimechomekwa tundu lisilo la santuri kwenye amplifaya. Ukisikia mngurumo usiokoma, ule waya mwembamba wa ardhi unaotoka kwenye mashine haujafungwa.

Hewa yetu ya chumvi na unyevu nayo ina madhara yake. Santuri zilizolazwa kabatini huota ukungu, na ukungu ndio unaofanya sindano itoe mlio kama inakaangwa. Chukueni maji safi ya kuongezea betri za magari, yale yanayouzwa vituo vya petroli (someni chupa, isije ikawa asidi), mtie spiriti kidogo, sehemu moja kwa tano za maji, na mfute kwa kitambaa laini kwa kuzunguka kufuata mistari, bila kugusa karatasi ya katikati. Santuri za zamani za mwendo wa 78 zisitiwe spiriti kabisa; inaziyeyusha. Plagi zilizoota kutu ya kijani zisuguliwe kwa spiriti hiyohiyo siku moja kabla. Na stima ikipotea katikati ya wimbo, mtu wa kwanza anyanyue sindano kabla hajatafuta tochi, kisha azime amplifaya, maana ikirudi hurudi kwa kishindo.

Vyumba vya Mji wa Kale vina kuta nene zilizopigwa lipu na sakafu ngumu, kwa hiyo kila kofi hurudi. Kutundika kanga ukutani hupunguza makali ya sauti nyembamba tu, besi inabaki ikivuma. Tandikeni mazulia mazito na msimamishe magodoro mawili kwenye pembe zilizo nyuma ya spika. Spika zisigusane na ukuta. Nusu mita inatosha kuondoa mvumo mwingi.

Bendi ikialikwa, nina ombi kwa mwimbaji: usimuige. Freddie alipozungumza alikuwa na sauti nzito kiasi, ila akiimba alipanda hadi juu, na mtetemo wa sauti yake ulipopimwa na watafiti mwaka 2016 ulikuwa kama mara 7 kwa sekunde, wa kasi kuliko waimbaji wengi. Koo la mtu mwingine likilazimishwa hivyo hukauka kwa wimbo wa pili. Shusheni wimbo vibonyezo viwili au vitatu. Yeye mwenyewe akiwa jukwaani mara nyingi alichagua noti za chini badala ya zile za rekodi. Na kile kipande cha opera msijaribu kukiimba. Queen hawakukiimba jukwaani. Waliondoka, tepu ikapigwa, wakarejea kwa gitaa. Fanyeni vivyo hivyo.

We Will Rock You una taabu yake: vishindo viwili na kofi moja, kisha kimya. Watu hukimbilia kukijaza kile kimya, na baada ya ubeti mmoja wimbo umegeuka chakacha. Mwendo wake ni kama mapigo 80 kwa dakika. Mtu mmoja asimame katikati ya watu, si mbele, apige kwa mikono iliyonyanyuliwa ili aonekane, na wengine wafuate macho. Sauti huchukua sehemu ya kumi ya sekunde kufika mita 34, kwa hiyo uwanjani anayefuata masikio huchelewa, na aliye nyuma yake huchelewa zaidi.

Mpangilio wa nyimbo ufuate miaka, na mfike mwisho. Mikutano mingi hukatika kwenye tamasha la hisani la Live Aid, Julai 13, 1985, kwa kuwa ndipo alipong'ara. Naona huko ni kumkimbia. Mei 1991, Montreux, Uswisi, akiwa hoi, alirekodi Mother Love. Aliimba beti zake kwa nguvu ya kushangaza, akaacha ubeti wa mwisho akisema ataumalizia baadaye. Hakurudi. Ubeti huo aliuimba Brian May, na wimbo ukatoka 1995 katika albamu ya Made in Heaven. Anayesikiliza kwa makini ataisikia sauti ikibadilika. Pasiwe na maneno juu ya wimbo huo.

Na ugonjwa wake utajwe kwa jina. Novemba 23, 1991 alitangaza kuwa ana UKIMWI, kesho yake akafa kwa nimonia iliyotokana nao. Matibabu ya dawa kadhaa kwa pamoja yalianza kuokoa watu miaka mitano tu baadaye. Tamasha la kumkumbuka Wembley, Aprili 20, 1992, ndilo lililozaa mfuko wa Mercury Phoenix Trust, ambao hadi leo unasaidia mapambano dhidi ya ugonjwa huo. Sisi tuna desturi ya kutuza: badala ya kumtuza mwimbaji mkononi, noti ziingie sandukuni. Kutoka Novemba 24 hadi Siku ya UKIMWI Duniani, Desemba 1, ni siku saba. Sanduku lifunguliwe palepale usiku huohuo, lihesabiwe na watu wawili mbele ya wote, kiasi kiandikwe na kusomwa, na kabla wiki haijaisha fedha zifike kwenye kliniki mliyokubaliana mapema. Ulizeni kwanza wanahitaji nini. Wagonjwa wengi hupewa dawa bure lakini hukosa nauli ya kuzifuata.