Kisu kimevuka bahari, kikakamatwa safari ya Unguja

"Mzee, kisu hakipandi ndege."

Dada wa ukaguzi alikishika kwa ncha za vidole viwili, kama aliyeokota mjusi. Kisu chenyewe ni kile chekundu cha Uswisi, kile kidogo kabisa: milimita 58 kikikunjwa, kina kimkasi na tupa ya kucha. Niliwahi kujaribu kumenyea embe. Embe lilishinda.

Siku mbili kabla, kisu hichohicho kilitoka nami Ulaya, ndani ya begi la mkononi. Afisa wa kule alikikunjua, akakitazama, akanirudishia na kunitakia safari njema. Kanuni yao inaruhusu makali yasiyozidi sentimita 6. Kikalala usiku kucha juu ya kichwa changu, ndege imejaa, hakikumdhuru mtu. Leo kinakamatwa kwa safari ya dakika 20 kwenda Unguja!

Haya, kila nchi na sheria zake. Na hao Wamarekani ndio wamevurugikiwa zaidi. Machi 2013 mkuu wa wakati huo wa TSA, idara yao ya ukaguzi wa viwanja vya ndege, John Pistole, alitangaza kwamba visu vidogo vya kukunja vitaruhusiwa tena. Wahudumu wa ndege wakaja juu, na kufika Juni tangazo likafutwa. Sitawalaumu wahudumu: mlango ulioimarishwa baada ya Septemba 11 unamlinda rubani, wao wanabaki huku nyuma na mlevi wa siti ya 23. Lakini mpaka leo kule mkasi wenye makali ya karibu sentimita 10 unapanda, bisibisi ya sentimita 17 inapanda, kisu changu cha kukatia kucha kinabaki. Anayeelewa anieleweshe.

Na kwa kuwa leo nimeamua kusema kweli: ndege yenyewe ya Unguja ilikuwa kale kadogo ka injini moja. Mlango wa rubani haupo, hata pazia hakuna. Nilikaa nyuma yake, ningetaka ningemgusa bega. Hapo nikakubali, kwa shingo upande, kwamba yule dada hakukosea. Sawa. Yameisha.

Kilichonikaa kooni ni boksi.

Nilipewa njia tatu. Rudi ukakipakie kwenye mzigo: mzigo umeshakwenda, dirisha limefungwa. Mpe aliyekusindikiza: aliyenisindikiza ni dereva wa bajaji, na wakati huo yuko Buguruni. Au weka humu. Humu ni boksi la plastiki chini ya meza, halafu unasaini daftari kwamba umekiacha kwa hiari yako. Hiari! Nimevua viatu, nimeshika suruali isidondoke kwa kuwa mkanda uko kwenye trei, abiria wa mwisho wanaitwa, na bado naambiwa nina hiari. Nikaomba risiti. Dada akacheka, tena bila ubaya, kama vile nimeomba chai.

Kwani ni kazi gani? Bahasha, jina, namba ya simu, rafu moja ya mbao. Nitozeni elfu tano, nikirudi nakichukua. Basi la Mwanza linabeba kifurushi changu usiku kucha kwa kikaratasi cha kaboni chenye mwandiko wa daktari, na asubuhi shemeji anakipokea. Uwanja wenye mashine ya kuona mpaka mfupa wa kuku ndani ya kontena la chakula unashindwa na bahasha? Marekani, angalau, watu wanajua vitu vilivyoachwa hivi vinakoishia: baadhi ya majimbo huviuza hadharani kwenye maduka ya mali chakavu ya serikali. Hapa ukiuliza vinakwenda wapi, unajibiwa "vinakwenda".

Mimi changu ni cha kucha, nitanunua kingine. Lakini niliinama nikachungulia mle ndani. Nyembe, mikasi, tesita ya umeme, na juu yake plaizi ya kukunja, ile yenye bisibisi na msumeno ndani, imechakaa vishikio kwa kazi. Hiyo ni mkono wa mtu. Kuna fundi alifika ng'ambo siku hiyo akaanza kuazima.

Fundi, kama unasoma hapa: ilikuwa kwenye ala yake ya ngozi ya kahawia, imeshonwa upya kwa uzi mweupe, upande wa kulia wa boksi. Jumatano, saa tatu kasoro asubuhi, ilikuwa bado ipo.